Vena zilizovimba miguuni: unapoziona sipo zinapoanzia

Shangazi yangu alikuwa ametoka kuoga. Akijifuta miguu, taulo likakwaruza kijivimbe cheusi kilichokuwa juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto, upande wa ndani, na damu ikaruka. Haikuchuruzika, iliruka ikapiga ukuta. Jirani aliyefika kwanza alifanya ambalo wengi wetu tungelifanya: alichukua kitenge akakikaza chini ya goti. Damu ikazidi. Akaongeza fundo, ikazidi tena. Aliyemwokoa ni mpangaji wa chumba cha nyuma, binti aliyekuwa anasomea uuguzi. Alikata kile kitenge, akamlaza shangazi chali palepale sakafuni, akaupandisha mguu ukaegemea ukuta, kisha akakandamiza jeraha kwa kitambaa safi na kidole gumba. Robo saa haikuisha, damu ikawa imekata.

Naanza na kisa hiki kwa sababu ugonjwa wote umo ndani yake. Ukielewa kwa nini fundo lilizidisha damu, na kwa nini kuuinua mguu kuliikata, utaelewa pia kwa nini watu huchua na kupaka vena hizi miaka nenda rudi bila nafuu, na kwa nini daktari anayeijua kazi yake huanza kutafuta kosa mbali na pale unapomwonyesha.

Lakini kwanza kuna shida ya jina. Kwa Kiswahili neno "mshipa" limebebeshwa mzigo mkubwa. Kuna mshipa wa damu, kuna mshipa wa fahamu, na pwani ukisema fulani "ana mshipa" watu wanaelewa ngiri au busha. Bibi akilalamika kuwa mishipa inamvuta, huenda anazungumzia msuli au kano. Shangazi aliambia kituo kimoja cha afya kwamba mishipa ya miguu inamuuma, akapewa vidonge vya vitamini vya neva. Aliporudi akapewa dawa za baridi yabisi. Hayo yalikwenda karibu miaka sita, na katika muda wote huo hakuna aliyemwambia asimame, apandishe gauni, miguu itazamwe. Ndiyo maana humu nitatumia neno vena kwa mishipa inayorudisha damu moyoni, na ateri kwa ile inayoitoa moyoni. Ukienda hospitali sema hivyo: "vena zangu za miguu zimevimba na kujisokota." Sentensi hiyo inaweza kukupunguzia safari kadhaa.

Damu inapandaje mlima

Damu ikishushwa na ateri hadi unyayoni ina msukumo wa moyo nyuma yake. Kurudi ni kazi nyingine. Inapaswa kupanda zaidi ya mita moja, na nguvu ya moyo iliyobaki ni kidogo. Mwili umeweka vitu viwili vya kuisaidia. Cha kwanza ni shavu la mguu: kila unapopiga hatua, msuli ule unabana vena zilizo ndani yake na kuisukuma damu juu. Cha pili ni vilango vidogo ndani ya vena, vinavyoitwa vali, kila kimoja kikiwa na majani mawili membamba yanayofunguka kuelekea juu tu. Damu ikipita, vinafunga. Haishuki tena.

Vena za mguu ziko za tabaka mbili. Za kina zimelala kati ya misuli na ndizo zinazobeba takriban asilimia 90 ya damu inayorudi. Za juu ziko chini ya ngozi, na mbili kati yake ndizo zinazotuhusu zaidi: safena kubwa, inayoanza mbele ya kifundo upande wa ndani na kupanda hadi kinenani, na safena ndogo, inayopita nyuma ya shavu la mguu hadi nyuma ya goti. Pale kinenani na pale nyuma ya goti ndipo vena hizi humwaga damu kwenye vena za kina, na pana kilango kinachozuia damu isirudi.

Sasa fikiria kilango cha kinenani kimelegea. Damu inateremka, inakipanua kipande cha vena kilicho chini yake, na vena ikipanuka majani ya kilango kinachofuata hayakutani tena. Nacho kinavuja. Kilango baada ya kilango, hadi chini. Mwisho wake unapata bomba lililo wazi tangu kinenani hadi kifundoni, na matawi yake membamba yaliyo chini ya ngozi yanavimba, yanarefuka na kujipinda kwa kukosa nafasi. Hayo matawi ndiyo unayoyaona. Kilango kilichoharibika huenda kiko shibiri mbili au tatu juu yake, na hakionekani kwa macho.

Anayeishi nyumba yenye tangi la maji juu ya mnara anajua kwamba bomba la chini kabisa ndilo lenye nguvu. Mtu mzima akisimama bila kutembea, shinikizo ndani ya vena za kifundo hufika kama milimita 90 za zebaki. Akitembea na vilango vyake ni vizima, linashuka chini ya 30. Mwenye vilango vinavyovuja anatembea lakini shinikizo halishuki ipasavyo. Ngozi ya kifundo chake iko chini ya tangi lililojaa mchana kutwa.

Turudi kwa shangazi. Kitenge kilichokazwa chini ya goti kilibana vena, kwa kuwa kuta zake ni laini, lakini hakikuweza kufunga ateri. Damu iliendelea kuingia mguuni na njia ya kutokea ikabaki moja, kile kitundu. Mguu ulipoinuliwa juu ya moyo, lile tangi lilimwagika upande wa pili. Ikitokea kwako au kwa jirani yako fanya vivyo hivyo: mlaze, inua mguu, kandamiza jeraha lenyewe kwa dakika 10 au 15 bila kufunua kuchungulia, na usikaze fundo lolote upande wa juu wa mguu huo. Kisha mpeleke hospitali hata kama damu imekata, kwa sababu vena iliyopasuka mara moja inaweza kupasuka tena.

Huwapata nani, na huanzaje

Urithi una uzito mkubwa. Kama mama na baba wote wawili walikuwa nazo, nafasi yako ni kubwa. Umri unaongeza, unene unaongeza, na wanawake huzipata zaidi hasa kwa sababu ya mimba: homoni hulegeza kuta za vena, kiasi cha damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu ya kile cha kawaida, na mji wa mimba unaokua hubana vena za nyonga. Nyingi zinazojitokeza wakati wa ujauzito hupungua katika miezi ya baada ya kujifungua, kwa hiyo madaktari huwa hawazigusi wakati huo. Wanashauri soksi za kubana, kutembea, kulala kwa ubavu wa kushoto, na kungoja.

Halafu kuna kazi ya kusimama. Mwalimu, muuguzi, kinyozi, askari wa usalama barabarani, mama lishe. Kusimama pahali pamoja si sawa na kutembea, kwa kuwa shavu la mguu limelala. Shangazi alikaanga maandazi kwa miaka ishirini na mitatu, kuanzia saa kumi alfajiri, akiwa amesimama mbele ya karai. Fundi wa cherehani ya kukanyaga anakaa siku nzima lakini kifundo chake kinafanya kazi, na kila akikanyaga anasukuma damu. Ukinielewa hapo, umeelewa kwa nini nasema anayelazimika kusimama ajizoeze kunyanyuka kwa vidole vya miguu na kushuka, mara ishirini hivi, kila baada ya muda. Halihitaji pesa wala ruhusa ya bosi.

Dalili huanza taratibu. Jioni miguu inakuwa mizito, inauma kwa namna ya kuvuta, inawasha karibu na kifundo, usiku msuli unakaza ghafla. Soksi inaacha alama ya kina. Asubuhi yote yamekwisha. Huo mwendo wa siku ndio ushahidi mzuri kuliko wote: maumivu ya vena huongezeka ukisimama na hupungua ukilala umeinua miguu. Kadiri miaka inavyopita chembe za damu hupenya kwenye ngozi na madini yake ya chuma huacha rangi kama ya kutu. Kwenye ngozi yetu nyeusi rangi hiyo huwa ngumu kuitambua, na vivena vidogo vya buluu ambavyo picha nyingi za vitabuni huonyesha huwa havionekani kabisa. Kwa hiyo tumia mkono. Simama dakika mbili kwenye mwanga, pitisha vidole kutoka ndani ya goti hadi kifundo: vena iliyovimba utaihisi kama kamba laini inayobonyea. Linganisha miguu miwili. Tafuta sehemu juu ya kifundo cha ndani iliyo nyeusi kuliko ngozi iliyo jirani yake, inayong'aa, ngumu, yenye ukurutu. Katika hatua za mbele, sehemu hiyo husinyaa wakati juu yake pamevimba, mguu ukafanana na chupa iliyopinduliwa. Hatua ya mwisho ni kidonda.

Si kila mguu uliovimba ni huu. Ukanda wa pwani tuna matende, yanayoletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Hapo uvimbe hushika hadi juu ya wayo na vidole. Jaribu kufinya na kuinua ngozi iliyo kwenye shina la kidole cha pili cha mguu. Ikigoma kabisa kushikika, mashaka yaelekee kwenye mfumo wa limfu, yaani mirija inayoondoa majimaji ya ziada mwilini. Miguu yote miwili ikivimba kwa pamoja na mtu anakosa pumzi akilala, kapimwe moyo. Uso ukivimba asubuhi, figo. Maumivu ya shavu la mguu yanayokuja ukitembea na kukoma ukisimama, na mguu wa baridi, ni ya ateri, tena ni kinyume kabisa cha haya tunayoyasema. Nyayo kuwaka moto kwa mwenye kisukari ni neva.

Na kuna moja lisilongoja kesho. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa wa moto, hasa baada ya upasuaji, kujifungua, kulazwa, au safari ya kutwa kwenye basi kama ile ya Dar es Salaam hadi Mwanza, huenda damu imeganda kwenye vena ya kina. Usiukande, usiuchue. Bonge hilo likikatika hupanda hadi mapafuni. Akianza kukosa pumzi au kuchomwa kifuani, hiyo ni dharura ya dakika hiyohiyo.

Kipimo, kisha tiba

Daktari akuangalie umesimama. Kitandani vena hunywea na ugonjwa hujificha. Kipimo kinachoamua ni altrasaundi ya dopla, inayoonyesha vena pamoja na mwelekeo wa damu ndani yake. Mpimaji hubana shavu la mguu kwa mkono, damu inapanda, kisha anaachia na kuhesabu: damu ikirudi chini kwenye vena ya juu kwa zaidi ya nusu sekunde, kilango kinavuja. Anatafuta kinapoanzia kuvuja, na anahakikisha vena za kina ziko wazi. Yeyote anayetaka kukuchoma sindano au kukupasua bila kipimo hiki, muulize amejuaje chanzo kiko wapi.

Soksi za kubana ndiyo tiba inayopatikana kwa urahisi zaidi, na pia ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Hubana sana kifundoni na kulegea kadiri zinavyopanda. Zinauzwa kwa vipimo vya shinikizo, na ya milimita 20 hadi 30 ndiyo inayotumika sana kwa mwenye dalili. Ipimwe kwa mzunguko wa kifundo na shavu la mguu wako, isinunuliwe kwa namba ya kiatu. Ivae asubuhi kabla miguu haijashuka kitandani, ivue ukienda kulala. Ikijikunja juu ikawa mkanda, inakuwa kile kitenge cha shangazi. Mwenye kisukari, mvutaji sigara na mzee asivae kabla hajapimwa mapigo ya ateri mguuni, kwani mguu usiopata damu ya kutosha ukibanwa unaweza kufa. Joto la Dar nalijua, na sitamlaumu anayeshindwa kuivaa Februari. Avae saa anazosimama kazini, ni bora kuliko kuiacha kabatini.

Vidonge vya aina ya diosmini vinavyouzwa maduka ya dawa huweza kupunguza uzito na uvimbe, lakini havifungi kilango. Dawa za kukojoza maji hazina kazi hapa. Kuchua kwa mafuta kunaburudisha, nami simkatazi mtu kuburudika, ila kuchanja kwa wembe na kuumika chuku juu ya vena yenyewe kunanitia hofu ya kweli. Ngozi pale ni nyembamba, shinikizo ni kubwa, na kidonda cha wembe kwenye ngozi hiyo huweza kukaa miaka. Damu nyeusi inayotoka siyo damu chafu. Ni damu ya vena iliyokwisha kuacha oksijeni yake, na kila mtu mzima wa afya anayo.

Tiba inayogusa chanzo ni kuitoa kazini ile vena inayovuja. Hapo watu hushtuka: damu itapita wapi? Itapita kwenye vena za kina, zilizokuwa zikibeba sehemu kubwa tangu mwanzo. Kumbuka kuwa safena hiyohiyo ndiyo madaktari wa moyo huitoa mguuni na kuipandikiza kifuani kupitisha damu pembeni ya ateri zilizoziba, na mguu unaendelea na maisha yake. Vena inayorudisha damu chini haikusaidii kwa lolote, inakupa mzigo tu.

Upasuaji wa zamani ulikuwa kukata na kuing'oa. Inasimuliwa kwamba jemadari wa Roma Gaius Marius, aliyeishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alipasuliwa mguu mmoja bila kufungwa kamba wala kulia, kisha akakataa kutoa wa pili kwa kuona faida haikulingana na maumivu. Leo upasuaji upo bado, kwa nusu kaputi au ganzi ya mgongo, na katika hospitali zetu nyingi ndio unaopatikana. Ukifanywa vizuri ni tiba halali. Lakini mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, wa mwaka 2013, unauweka wa tatu. Cha kwanza ni kuiunguza vena kwa ndani: daktari anapitisha mrija mwembamba kupitia tundu la sindano, anaufuatilia kwa altrasaundi hadi karibu na kinena, anaizungushia vena maji ya ganzi, kisha anauvuta mrija taratibu huku ncha yake ikitoa joto la leza au la mawimbi ya redio. Kuta zinaungana, vena inakauka. Mgonjwa anashuka kitandani na kutembea siku hiyohiyo. Cha pili ni sindano ya povu: dawa kama polidokanoli inachanganywa na hewa, inasukuma damu pembeni na kuichubua vena kwa ndani mpaka inajifunga. Mwongozo huohuo unasema soksi peke yake zisitolewe kuwa tiba ya ugonjwa huu, ila pale ambapo hizo njia nyingine hazifai.

Kila njia ina gharama yake mwilini. Joto linaweza kuacha ganzi ya ngozi kwa wiki au miezi, povu linaweza kuacha mstari mweusi, na zote, mara chache, huweza kusababisha damu kuganda kwenye vena ya kina. Na vena nyingine zinaweza kuvimba baadaye, kwa maana kuta ulizorithi ni zilezile.

Donda lisilopona

Kidonda cha vena hukaa juu ya kifundo upande wa ndani, si kirefu, kingo zake si nyoofu, kinatoa maji mengi. Nimewaona watu waliokaa nacho miaka kumi wakiambiwa wamekanyaga dawa ya mchawi, wakahamishwa kutoka mganga hadi mganga, shamba likauzwa. Linaniuma kwa sababu kidonda hiki kina tiba, na tiba yenyewe mara nyingi ni bendeji. Siyo bendeji ya kufunika tu. Ni ile ya kuvutika, inayofungwa na mtu aliyefunzwa kuanzia mwanzo wa vidole hadi chini ya goti, ikibana zaidi chini, mguu ukiwa umepimwa mapigo kwanza. Antibiotiki haziponyi kidonda hiki kama hakina maambukizi, na unga wa kidonge ulionyunyizwa juu yake hutengeneza gamba tu. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 450 wenye vidonda hivi. Wote walifungwa bendeji, ila nusu yao vena zao zilizibwa mapema. Kwa hao, nusu ya vidonda vilikuwa vimefunga kufikia siku 56; kwa waliocheleweshwa, ilichukua siku 82.

Tahadhari moja. Kijana mwenye kidonda kifundoni apimwe selimundu (sikoseli), maana ugonjwa huo nao hupenda mahali hapohapo. Na kidonda cha miaka mingi kinachoota nyama zilizotuna pembeni kinahitaji kukatwa kipande kipimwe kama si saratani.

Shangazi alifanyiwa dopla wiki tatu baada ya ile siku ya bafuni. Mpimaji aliweka kifaa kinenani, mbali kabisa na kile kijivimbe, akabana shavu la mguu na kuachia, na kwenye skrini rangi ikageuka kutoka buluu kuwa nyekundu na kubaki hivyo kwa sekunde tatu. "Hapa," akasema. Shangazi akamjibu kwamba hapo hapamuumi. Vena iliunguzwa kwa leza mwezi uliofuata, matawi ya chini yakachomwa povu. Sasa anakaanga maandazi akiwa ameketi kwenye kigoda kirefu, soksi yake anaifua kila usiku na kuianika dirishani. Mguu wa kulia nao unavuja, kidogo. Ameshauliza tarehe.